Kilichoyeyuka Hakikuwa Chuma: Kweli na Uongo Kuhusu Mavi ya Chuma

Jembe likigonga jiwe jeusi shambani, iwe Dongobesh, Haydom au kwenye miteremko ya Mlima Hanang, mkulima huliokota, hulipima uzito mkononi, kisha hulitupa mpakani. Mara nyingi ni jiwe la volkano tu, kwa kuwa Hanang ni volkano iliyolala. Lakini mahali pengi Tanzania jiwe la namna hiyo huwa na asili nyingine. Liliwahi kutiririka kama uji wa moto kutoka kwenye tanuru la mhunzi, likaganda, likaachwa. Waswahili walilipa jina lisilo na aibu: mavi ya chuma.

Jina hilo limeyaponza. Nani atajisumbua kuchunguza mavi? Ndiyo maana yamezungukwa na maneno mengi yanayosemwa kwa uhakika mkubwa na ushahidi mdogo. Tuchukue madai tisa, tuyatie motoni, tuone lipi linabaki. Nyuzi zote za joto zilizotajwa hapa ni za Selsiasi.

Dai la 1: Wahenga waliyeyusha chuma kikawa kimiminika, wakakimimina.

SI KWELI.

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Tanuru la udongo linalopulizwa kwa mivukuto ya ngozi hufanya kazi yake kwenye nyuzi 1,200 hivi, zikizidi au zikipungua kidogo. Kwa joto hilo chuma hakiyeyuki, na hakikutakiwa kuyeyuka.

Kinachotokea ni hiki. Mtapo, yaani mawe au mchanga wenye chuma, ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Makaa yakiungua kwa hewa isiyotosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo huupokonya mtapo oksijeni yake. Upokonyaji huo huendelea chuma kikiwa bado kigumu, kuanzia nyuzi 800 hivi. Vipande vidogo vya chuma hushikana kimoja na kingine hadi kuwa bonge lenye matundu kama sifongo. Wakati huohuo udongo na mchanga uliokuja na mtapo huyeyuka, huchuruzika kutoka ndani ya bonge na kutuama chini ya tanuru.

Kwa hiyo siri ya kazi ilikuwa kinyume cha tunavyodhani. Mhunzi aliyeyusha uchafu ili chuma kibaki. Uchafu usipoyeyuka, bonge hujaa mchanga na kupasuka kwa pigo la kwanza la nyundo.

Chuma cha kumiminika nacho kipo, na China walikimimina zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Njia yake ni kukifanya chuma kinywe kaboni nyingi. Kikifikisha asilimia 4 hivi, joto lake la kuyeyukia hushuka hadi karibu nyuzi 1,150. Lakini chuma hicho ni kigumu na chepesi kuvunjika. Ukikipiga nyundo kutengeneza jembe, kinakatika vipande.

Dai la 2: Mavi ya chuma ni uchafu wa mtapo peke yake.

SI KWELI.

Mtapo ulitoa sehemu kubwa, lakini haukuwa peke yake. Moto huzaa majivu, wasemavyo Waswahili, na majivu ya makaa ya miti yana chokaa na potasi. Vitu hivyo viwili hulainisha mchanga ukiwa motoni, hivyo mti uliochomwa makaa uliacha alama yake ndani ya jiwe. Kuta za tanuru nazo ziliyeyuka kidogokidogo upande wa ndani. Midomo ya mabomba ya udongo yaliyopitisha hewa ya mivukuto ilikaa mahali penye joto kali kuliko kwingine kote, ikalainika, ikadondoka na kuchanganyika.

Mtaalamu akipima kipande cha mavi maabara, anakuta mchango wa mtapo, wa msitu na wa mfinyanzi kwa pamoja. Fundi aliyechagua udongo mbaya wa bomba alilipia kosa lake kabla ya jua kuzama, kwani bomba lilifupika, moto ukahama mahali pake, na bonge likaharibika.

Dai la 3: Mavi ya chuma yana joto lake moja la kuyeyukia, kama barafu.

SI KWELI, na hapa ndipo penye utamu wa somo lote.

Barafu ni kitu kimoja, na ikifika nyuzi 0 huanza kuwa maji. Mavi ya chuma ni mchanganyiko, na tabia yake inafanana zaidi na ya samli au mafuta ya kondoo. Kwanza hulegea, kisha hutepeta, halafu huteleza, na mwishoni hutiririka. Kati ya kulegea na kutiririka panaweza kuwa na tofauti ya nyuzi nyingi.

Maabara hupima hatua hizo kwa macho. Unga wa mavi hushindiliwa uwe umbo dogo lenye kingo kali, kisha huwekwa katika tanuru lenye dirisha na kamera. Joto likipanda, kingo huanza kuviringika. Baadaye umbo lote huwa kama tone, tone hukaa kama nusu ya chungwa, na mwisho hutandazika kama uji uliomwagika mezani. Kila hatua huandikiwa joto lake. Anayekuambia kwamba mavi haya yanayeyuka kwenye nyuzi fulani, muulize anazungumzia hatua ipi.

Ajabu kubwa iko kwenye mchanganyiko wenyewe. Silika, ambayo ndiyo mchanga mweupe wa kawaida, huyeyuka ikipita nyuzi 1,700. Oksidi ya chuma ya aina inayopatikana ndani ya tanuru huyeyuka karibu na nyuzi 1,370. Tanuru la udongo la nyuzi 1,200 haliwezi kuyeyusha silika peke yake wala oksidi peke yake. Lakini zikutanishe, sehemu 7 za oksidi kwa 3 za silika kwa uzito, na utapata madini yaitwayo fayalaiti, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,205. Vipo viwango vingine vya mchanganyiko vinavyoyeyuka hata chini kidogo ya nyuzi 1,180. Kidole kimoja hakivunji chawa, na motoni ni vivyo hivyo: wagumu wawili hulainishana.

Anayetaka kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi kwa ukubwa wa mlima, na aelekee kaskazini hadi Oldoinyo Lengai. Lava ya kawaida ya volkano hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Lava ya Lengai imejaa magadi, nayo hutiririka kwenye nyuzi 500 hadi 600 tu. Kiasi cha vilainishi ndani ya mchanganyiko ndicho kinachoamua, ukubwa wa moto unakuja baadaye.

Halafu kuna mnato. Mavi mawili yanaweza kuwa yameyeyuka kwa joto lilelile, moja likatiririka kama maji na lingine likaburuzika kama asali ya asubuhi ya baridi. Silika ikizidi, hujisuka kama wavu na mchanganyiko hunata. Oksidi ya chuma, chokaa na potasi huukata wavu huo. Fundi wa tanuru hakutaka mavi yaliyoyeyuka tu, alitaka yanayokimbia, na ndiyo maana alihitaji joto la ziada juu ya lile la kuyeyushia.

Dai la 4: Mavi yaliyojaa chuma ni ushahidi kwamba mafundi hawakujua kazi.

SI KWELI.

Wageni waliopima mavi ya matanuru ya Afrika walishtuka kukuta oksidi ya chuma ikifika nusu ya uzito au kuzidi. Fayalaiti yenyewe, kwa hesabu ya kemia, zaidi ya nusu ya uzito wake ni chuma. Ni rahisi kusema kwamba mali ilitupwa.

Lakini rudi kwenye dai la 3. Katika tanuru lisilotiwa chokaa, kilainishi kikuu cha silika ni oksidi ya chuma yenyewe. Sehemu ya chuma ilitolewa sadaka ili sehemu nyingine itoke safi. Na uji ule wa moto ulikuwa na kazi ya pili. Ulilifunika bonge na kulikinga na pumzi ya mivukuto, ambayo ingelirudishia oksijeni ileile iliyokwisha kupokonywa.

Ulaya nayo ilifanya hivyohivyo kwa karne nyingi kabla ya tanuru refu la kisasa. Tanuru la kisasa hutumia chokaa mahali pa oksidi, na hupata mavi yenye chuma kidogo sana. Gharama yake ni joto kubwa zaidi, kwa kuwa mavi ya chokaa huhitaji nyuzi 1,300 na kuendelea, na chuma kinachotoka kimejaa kaboni na lazima kisafishwe tena kabla hakijafaa kufuliwa. Kila njia ina ada yake.

Dai la 5: Jiwe jeusi lenye matundu ni mavi ya chuma.

SI LAZIMA, na kwa mkazi wa Hanang, mara nyingi si kweli.

Nchi inayoanzia Basotu yenye maziwa ya kreta hadi Hanang yenyewe ni nchi ya volkano. Mawe meusi yenye matundu hapo ni ya kawaida, kwa sababu gesi iliyokuwa ndani ya lava iliacha mapovu. Mavi ya chuma nayo huacha mapovu kwa sababu hiyohiyo. Macho peke yake yatakudanganya.

Tumia mikono na mazingira. Jiwe la volkano lenye matundu mengi huwa jepesi kwa ukubwa wake, ilhali mavi ya chuma huwa mazito na hukushtua unapoyainua. Upande mmoja wa mavi mara nyingi huonyesha mtiririko, mikunjo iliyolaliana kama nta ya mshumaa iliyochuruzika, na pengine alama za vipande vya makaa yaliyokandamizwa wakati uji ulipokuwa moto. Baadhi ya vipande huwa na madoa ya kutu. Jiwe la volkano likivunjwa linaweza kuonyesha fuwele zinazometameta zilizokua ndani yake.

Kubwa kuliko yote ni majirani. Lava hutapakaa kilima kizima. Mavi ya tanuru hulala mahali pamoja, pamoja na makaa, udongo ulioiva ukawa mwekundu au kijivu, na vipande vya mabomba vyenye tundu katikati na kioo cheusi mdomoni. Ukiona bomba, umefika kwenye tanuru.

Dai la 6: Palipo na mavi ya chuma, Mjerumani alificha mali.

SI KWELI.

Uvumi wa hazina ya Mjerumani umeenea Tanzania nzima, na kila kitu cha ajabu ardhini hugeuzwa kuwa alama yake. Sumaku ikinasa kwenye jiwe jeusi, watu huleta sururu. Sumaku inanasa kwa sababu nyepesi: ndani ya mavi kuna chembe za chuma na za oksidi inayovutwa na sumaku. Hata baadhi ya mawe ya volkano huvutwa. Hakuna zaidi.

Tena chuma hapa hakikumsubiri Mjerumani. Kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria, huko Buhaya, matanuru ya chuma yalikuwa yakiwaka takriban miaka 2000 iliyopita. Ufipani mafundi walijenga malungu, matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Milima ya Pare ilikuwa na wahunzi wake, na ukoo wa Washana wa Ugweno ulitawala kwa heshima ya uhunzi kabla ya ukoo wa Wasuya kuupindua.

Anayefukua rundo la mavi akitafuta dhahabu anatoka na shimo, na nyuma yake ameharibu ukurasa wa historia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kale, na kuyachimba kunahitaji kibali.

Dai la 7: Mhunzi wa Kidatoga huyeyusha chuma mbele ya macho yako.

NUSU KWELI.

Miongoni mwa Wadatoga, uhunzi ni wa ukoo wa Gidang'odiga, ambao kwa desturi huoana wao kwa wao. Kazi zao ziko mikononi mwa watu kuanzia Hanang hadi bonde la Ziwa Eyasi: bangili za njano na nyeupe, mikuki, visu, na vichwa vya mishale ambavyo Wahadza hubadilishana nao kwa mali ya porini.

Tazama vizuri kinachoingia kwenye chungu kidogo cha kuyeyushia. Ni kufuli kuukuu, bomba la maji lililokatika, kipande cha sufuria. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na shaba ya njano kwenye nyuzi 900 na ushei. Moto wa makaa na viriba viwili vya ngozi unaimudu kazi hiyo bila taabu. Hapo kweli kuna kuyeyusha na kumimina.

Msumari au springi ya gari hauingii kwenye chungu. Hupashwa moto hadi uwe mwekundu, kisha hufuliwa kwa nyundo juu ya fuawe. Chuma hicho kilishapikwa kiwandani, ng'ambo au Dar es Salaam, na mhunzi anakigeuza umbo tu. Ndiyo sababu hutakuta rundo kubwa la mavi kando ya kibanda chake. Utakuta magamba membamba meusi yanayoruka kila nyundo inapotua.

Hata hivyo sayansi ya mavi haijaondoka kibandani. Wahunzi wa sehemu nyingi duniani, wanapotaka kuunga vipande viwili vya chuma kwa moto, huvinyunyizia mchanga. Mchanga hukutana na kutu ya moto, wagumu wawili wanalainishana tena, uchafu unakuwa kimiminika, na pigo la nyundo linaukamua nje. Kiungo kinabaki chuma kwa chuma.

Dai la 8: Wahaya walitengeneza chuma cha pua cha kuishinda Ulaya.

KWELI KWA SEHEMU, na mjadala bado unaendelea.

Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwenye jarida la Science makala iliyotikisa wengi. Walikuwa wamewakusanya wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi ya ujanani, wakajenga tanuru upya. Ukuta wake ulikuwa wa udongo na vipande vya mavi ya zamani, na shimo lilipakwa udongo wa kichuguu. Chini yake ziliwekwa nyasi za kinamasi zilizochomwa, zikaacha nafasi ya mavi kuchuruzikia. Mabomba ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuru. Watafiti hao waliripoti joto lililopita nyuzi 1,800 mbele ya midomo ya mabomba, na wakapendekeza kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye makaa, mbinu ambayo viwanda vya Ulaya viliifikia karne ya 19.

Wengine hawakukubali. Mwaka 1986 J. E. Rehder alihoji hesabu ya hewa hiyo kupata moto, na wengine wakahoji kama mabomba ya kale yalikaa ndani kiasi kile. Kisichopingwa ni kwamba wahunzi wa Buhaya walipata chuma chenye kaboni, yaani pua, katika bonge lao, na kwamba ustadi huo ni wa kale sana.

Msomaji makini atauliza: kama joto lilipita nyuzi 1,800, mbona chuma hakikuyeyuka chote? Kwa sababu pale palikuwa kitovu kidogo cha moto. Hatua chache za vidole pembeni, joto lilikwisha kushuka. Tanuru halina joto moja. Lina ramani ya joto, na fundi aliijua ramani hiyo bila kipimo, kwa rangi ya mwali na mlio wa hewa.

Dai la 9: Elimu ya mavi ya chuma ni ya makumbusho, haina kazi leo.

SI KWELI.

Nenda Liganga, wilayani Ludewa, mkoani Njombe. Mlima wa mtapo upo, makaa ya mawe ya Mchuchuma yako jirani, na mkataba wa kuviendeleza ulisainiwa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Watu hutaja siasa na fedha, nazo zina nafasi yake. Lakini ndani ya mtapo wenyewe kuna changamoto ya kiufundi: umechanganyika na titani na vanadi.

Titani ikiingia kwenye tanuru refu la kisasa, lenye joto kali na kaboni nyingi, sehemu yake huungana na kaboni na naitrojeni. Kinachozaliwa ni chembe zinazoyeyuka karibu na nyuzi 3,000. Chembe hizo huelea ndani ya mavi kama mawe ndani ya uji, mavi yanakuwa mazito na hayatoki tanuruni. Panzhihua, huko huko Sichuan, wamejifunza kuishi na tatizo hilo kwa kuchanganya mtapo na kuchunga joto. Afrika Kusini walichukua njia nyingine, wakauondolea mtapo oksijeni kwanza, kisha wakauyeyusha kwa umeme.

Sasa geuka uwatazame Wapare. Mchanga mweusi waliouchota kwenye vijito ulikuwa na titani vilevile. Tanuru lao la udongo halikuwa na ukali wa kuigeuza titani kuwa chembe sugu. Titani iliondoka kimyakimya na mavi, ikiwa oksidi, na jembe likatoka. Tatizo linaloumiza vichwa vya wahandisi lilipita kando ya mhunzi wa Usangi, Upareni, kwa sababu moto wake ulikuwa mpole.

Ukiliokota tena

Basi siku jembe litakapogonga jiwe jeusi, usilitupe mpakani haraka. Lipime uzito. Litafutie majirani: makaa, udongo mwekundu ulioiva, bomba lenye tundu. Ukiyakuta, piga picha, mwambie afisa utamaduni wa wilaya, na uliache jiwe palepale, kwa sababu likihama mahali pake linapoteza nusu ya habari zake.

Kabla ya kuliweka chini, ligeuze utazame upande wenye mikunjo. Tafuta mkunjo wa juu kabisa, ule uliolala juu ya mingine yote. Huo ndio uliotoka mwisho. Baada yake fundi alibomoa ukuta, akaliburuza nje bonge likiwa bado jekundu, na wenye nyundo wakaanza kupiga.